Kila Chombo Mahali Pake: Namna Python Inavyotafuta Moduli za Karani wa Kahawa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maana ya methali hiyo inafahamika vema katika Kyarumba, mji mdogo ulio kwenye miteremko ya milima ya Ruwenzori, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Huko mali ya watu ni kahawa ya arabika. Mkulima huchuma matunda mabivu, huyabeba hadi kwenye kituo cha kununulia, hupimiwa, na jina lake huandikwa pamoja na uzito wa mzigo wake. Kuanzia hapo hadi siku ya malipo, haki yake yote imo katika maandishi ya karani.

Kyarumba pia ndiko kilikoota mizizi chama cha ushirika kiitwacho Bukonzo Joint, cha wakulima wa kahawa na cha kuweka na kukopa fedha, ambacho wengi wa wanachama wake ni wanawake. Chama hicho kimejulikana hata nje ya Uganda kwa sababu ya utaratibu wa mafunzo uitwao GALS, uliokuzwa huko kwa msaada wa mtaalamu Linda Mayoux. Utaratibu huo humwezesha hata mtu asiyejua kusoma kuichora mipango ya nyumba yake: mti unaoonyesha ni nani afanyaye kazi na ni nani atumiaye mapato, na barabara inayoonyesha mahali jamaa ilipo leo na mahali inapotaka kufika. Funzo la michoro hiyo ni kwamba hesabu ya nyumba haifai kuwa siri ya mtu mmoja. Yafaa iwekwe mahali panapojulikana na wote.

Funzo hilo lahitajiwa sasa kuliko zamani, kwa maana hesabu nyingi zimehama kutoka kwenye daftari na kuingia katika kompyuta. Kijana wa kike au wa kiume aliyesoma Kasese au Bwera hurudi nyumbani akiwa na ujuzi wa kuandika programu fupi, na mara nyingi lugha anayoitumia ni Python. Programu hiyo huweza kufanya kwa dakika moja kazi iliyokuwa ikimkesha karani usiku kucha. Lakini asipojua ni wapi Python hutafuta vyombo vyake vya kazi, huenda kompyuta ikakataa kazi siku ya malipo. Au, jambo baya zaidi, ikaikubali kazi na kutoa hesabu ya uongo pasipo mtu ye yote kutambua. Makala haya yanaeleza jambo hilo, ili karani na wale wanaomtegemea wajue pa kuangalia.

PYTHON NI NINI?

Python ni lugha ya kuiamuru kompyuta. Iliasisiwa na Mholanzi Guido van Rossum, na toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1991. Ingawa jina lake ni la nyoka chatu, mwasisi wake alilichukua kutoka kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza lililoitwa Monty Python. Lugha hiyo haiuzwi. Mtu ye yote aweza kuichukua na kuitumia bila malipo.

Katika Afrika Mashariki lugha hiyo imekwisha fanya kazi zenye manufaa kwa umma. Mwaka 2011 shirika la UNICEF lilianzisha nchini Uganda huduma ya U-Report, ambayo kwayo vijana hutoa maoni yao kwa ujumbe mfupi wa simu. Katika miaka hiyo hiyo Wizara ya Afya ya Uganda ilianza kutumia mtambo wa mTrac, ili wahudumu wa zahanati wapeleke kwa simu taarifa za magonjwa na za akiba ya dawa. Mitambo hiyo miwili ilijengwa juu ya RapidSMS, ambayo imeandikwa kwa Python. Baadaye kampuni ya Nyaruka ya mjini Kigali, Rwanda, ikishirikiana na UNICEF, ilitengeneza mtambo mwingine wa RapidPro kwa lugha hiyo hiyo. Na mwezi Novemba 2023 waandishi wa programu za Python kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Zanzibar katika mkutano wa DjangoCon Africa. Kwa hiyo karani wa kijijini aichaguaye Python hatumii kitu kigeni katika nchi hizi.

SKRIPTI NA MODULI

Kabla ya kuendelea, yafaa maneno mawili yaeleweke. Skripti ni faili la maagizo ambalo mtu huliamuru lifanye kazi. Moduli ni faili la maagizo ambalo huitwa na faili jingine ili lisaidie. Mafaili yote mawili huishia kwa herufi .py, na tofauti yao ni katika matumizi tu.

Akina mama wataelewa upesi wakifikiri habari za jikoni. Kupika chakula cha jioni ndiyo skripti. Kinu, chungio, mwiko na kopo la chumvi ni moduli. Mpishi wa Kikonzo asongaye obundu kwa unga wa muhogo hachongi mwiko mpya kila jioni. Hunyoosha mkono mahali mwiko ukaapo akauchukua. Ndivyo programu inavyofanya. Badala ya kuandika upya kila mara namna ya kugeuza uzito kuwa fedha, karani huandika mara moja, akaweka katika moduli, kisha kila skripti ikaiita.

Mathalani, karani wa kituo kidogo aweza kuwa na mafaili matatu. La kwanza, bei.py, lina bei ya kilo ya kila namna ya kahawa: matunda mabivu, kahawa iliyooshwa na kukaushwa, na ile iliyokaushwa pamoja na ganda lake, ambayo wafanyabiashara wa Uganda huiita Drugar, na ambayo kwa kawaida bei yake ni ya chini kuliko ya kahawa iliyooshwa. La pili, mizani.py, hutoa uzito wa gunia tupu katika uzito wa mzigo. La tatu, malipo.py, ndilo skripti. Nalo huanza kwa kuita:

import bei
import mizani

Neno import lina maana ya kuagiza chombo kiletwe. Swali ni hili: kiletwe kutoka wapi? Karani hakutaja folda yo yote. Ametaja jina tu.

ORODHA YA KUTAFUTIA

Watu wengi hudhani kwamba Python huipekua kompyuta nzima. Sivyo. Python ni kama mtoto mtiifu aliyetumwa chumvi na kuambiwa, "Tazama kwanza kwenye meza, kisha kwenye rafu, kisha kabatini." Hufuata mpango huo bila kuuvuka, na mahali pa kwanza atakapoona kopo lenye jina hilo, hulichukua akarudi. Hafungui kulionja. Wala haendelei kutazama kama kabatini kuna kopo jingine lililo bora.

Kwanza kabisa, Python hutazama kama moduli hiyo imekwisha letwa tangu programu ilipoanza. Ikiwa imekwisha letwa, hutumiwa ile ile. Pili, hutazama kama ni miongoni mwa moduli chache zilizojengwa ndani ya Python yenyewe. Ikikosa huko, ndipo hushika orodha ya folda iitwayo sys.path na kuifuata tangu juu hadi chini. Kwa kawaida orodha hiyo imepangwa hivi:

Kwanza ni folda ambamo skripti yenyewe imewekwa. Izingatiwe kwamba si folda ambamo karani amesimama wakati wa kutoa amri, bali ni ile inayokaa skripti. Lakini akifungua Python na kuandika maagizo moja kwa moja pasipo skripti, hapo folda aliyosimama ndiyo huwa ya kwanza.

Pili ni folda zilizotajwa na mwenye kompyuta katika agizo liitwalo PYTHONPATH, ikiwa ameliweka.

Tatu ni maktaba ya kawaida inayokuja pamoja na Python, yenye moduli za tarehe, za hesabu, za kusoma majedwali na nyingine nyingi.

Nne ni folda zinazoitwa site-packages, ambamo huwekwa moduli zilizotengenezwa na watu wengine na kuletwa kwa amri ya pip.

Python haiingii katika folda ndogo zilizo ndani ya folda iliyotajwa. Ikiwa orodha inataja folda Kahawa, na bei.py imo katika folda ndogo iitwayo moduli iliyomo ndani ya Kahawa, amri ya import bei haitaiona. Ama folda hiyo ndogo itajwe yenyewe katika orodha, au jina lisemwe kwa ukamilifu: import moduli.bei.

Karani atakaye kuiona orodha ya kompyuta yake aandike amri hii:

python -m site

Katika kompyuta nyingi za Linux neno la kwanza huwa python3. Majibu yataonyesha folda zote kwa mpangilio wake. Ni vema amri hiyo ifanywe siku ya kwanza ya kazi, na majibu yake yaandikwe katika daftari la ofisi.

MAKOSA YA NAMNA MBILI

Kosa la kwanza ni moduli kutoonekana. Python husimama na kuandika ModuleNotFoundError pamoja na jina la moduli iliyokosekana. Karani mgeni hushtuka aonapo maneno hayo, lakini kwa kweli hilo ni kosa lenye huruma. Linapiga kelele. Hakuna mkulima atakayelipwa kimakosa, kwa sababu hakuna hesabu iliyofanyika.

Kosa la pili halipigi kelele. Ni moduli isiyo sahihi kuonekana kwanza.

Kompyuta za vijijini hupashana kazi kwa vijiti vya flashi vinavyobebwa mfukoni. Faili huandikwa Kasese, likarekebishwa Bwera, likatumiwa Kyarumba. Baada ya msimu mmoja huwa kuna bei.py tatu au nne katika folda mbalimbali, zote zina jina moja, na kila moja ina bei ya wakati wake. Na ichukuliwe kwamba karani ameweka bei mpya katika folda ya moduli, akaitaja folda hiyo katika PYTHONPATH kama ipasavyo. Lakini mwenzake alipokuwa akinakili skripti ya malipo kutoka kwenye flashi, alinakili folda nzima, na ndani yake mlikuwa na bei.py ya msimu uliopita. Sasa bei ya zamani imekaa ubavuni mwa skripti. Kwa kuwa folda ya skripti ndiyo ya kwanza katika orodha, bei ya zamani ndiyo itakayotumika. Skripti itafanya kazi barabara, na karatasi za malipo zitatoka safi.

Hasara yake yaweza kupimwa kwa mfano wa tarakimu. Tuseme bei ya zamani ni shilingi 9,000 kwa kilo na mpya ni shilingi 10,500. Mama aliyeleta kilo 64 alistahili shilingi 672,000, atapewa 576,000. Amepunjwa shilingi 96,000. Wakiwa wakulima 40 wenye mzigo kama wake, upungufu ni shilingi 3,840,000. Hakuna mwizi hapo. Lakini mama aliyetegemea fedha hizo kwa karo ya shule hataelewa habari za orodha ya folda. Ataona tu kwamba chama kimemdhulumu, na msimu ujao atamwuzia mchuuzi wa njiani. Imani ya wanachama iliyojengwa kwa miaka mingi huweza kuvunjwa na faili moja lililosahauliwa.

Kinga yake ni mstari mmoja tu katika skripti:

print(bei.__file__)

Mstari huo huiamuru Python itaje folda na faili ambamo imeichukua moduli ya bei. Ukiwekwa mwanzoni mwa malipo.py, kila siku ya malipo karani ataona kwa macho yake bei imetoka wapi. Faili likiwa si lile analolijua, na asimamishe kazi.

Liko jambo la kuchunga zaidi. Kwa kuwa Python hukumbuka moduli iliyokwisha letwa, karani akibadili bei katika faili huku programu bado imefunguliwa, badiliko hilo halitaonekana. Hana budi kuifunga programu na kuifungua tena.

Aidha, majina ya moduli yachaguliwe kwa uangalifu. Mtu akiliita faili lake random.py au csv.py, atakuwa amelificha faili la maktaba ya kawaida lenye jina hilo, na programu nyingine zitaharibika kwa namna ya ajabu. Majina ya Kiswahili kama bei, mizani na malipo husaidia kuepusha mgongano huo. Tena jina lisiwe na kistari katikati: bei_kahawa yafaa, lakini bei-kahawa haiwezi kuitwa kwa import.

NAMNA YA KUIONYESHA PYTHON NJIA

Ziko njia kadhaa za kuongeza folda katika orodha, na kila moja ina mahali pake.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kutofanya cho chote: skripti na moduli zake zikae katika folda moja. Kituo chenye skripti moja au mbili hakihitaji zaidi ya hayo.

Njia ya pili ni PYTHONPATH, nayo yafaa pale skripti nyingi zilizo katika folda mbalimbali zinapotumia moduli zile zile. Katika Windows karani hufungua dirisha la amri na kuandika:

setx PYTHONPATH "C:\Kahawa\moduli"

Baada ya hapo alifunge dirisha hilo na kufungua jipya, kwa maana agizo halishiki katika dirisha lililokuwa wazi. Katika Linux mstari ufuatao huandikwa mwishoni mwa faili liitwalo .bashrc, lililo katika folda ya nyumbani ya mtumiaji:

export PYTHONPATH="$HOME/kahawa/moduli"

Folda zikiwa zaidi ya moja, hutenganishwa kwa nukta mkato katika Windows, na kwa nukta pacha katika Linux. Wengi hukosea hapo. Ikumbukwe pia kwamba agizo hilo huzihusu Python zote zilizomo katika kompyuta, na kwamba folda zake hutangulia maktaba ya kawaida. Kwa hiyo si vema kulijaza folda nyingi.

Njia ya tatu ni faili la .pth. Karani hutengeneza faili la maandishi, kwa mfano kahawa.pth, akaliweka katika folda ya site-packages iliyoonyeshwa na amri ya python -m site. Ndani yake huandika jina kamili la folda, moja katika kila mstari. Faida ya njia hii ni kwamba folda hiyo huwekwa mwishoni mwa orodha, na kwa hiyo haiwezi kulificha faili la maktaba ya kawaida. Ila karani akikosea tahajia ya jina la folda, Python huuruka mstari huo kimya kimya. Basi baada ya kuweka faili, orodha itazamwe tena.

Njia ya nne ni kuandika katika skripti yenyewe:

import sys
sys.path.append(r"C:\Kahawa\moduli")

Mistari hiyo hutangulia import bei, na nguvu yake huisha programu inapofungwa. Ni kama kiti cha kuazima: chafaa kwa mgeni wa siku moja. Mtu akiiandika katika kila skripti, siku folda itakapohamishwa atalazimika kuzirekebisha zote, na ile atakayoisahau ndiyo itakayoleta balaa.

Ofisi iliyokua, yenye skripti nyingi na makarani kadhaa, yafaa iende mbele zaidi na kutumia chumba cha pekee kinachotengenezwa kwa amri ya python -m venv, kilichoanza katika toleo la 3.3 la mwaka 2012. Chumba hicho huwa na site-packages yake, kisichanganyikane na kazi nyingine za kompyuta hiyo. Hata hivyo PYTHONPATH hupenya humo pia; kwa hiyo anayetumia chumba cha pekee ni bora atumie faili la .pth lililo ndani ya chumba chenyewe.

NA SKRIPTI JE?

Yote yaliyoelezwa yahusu moduli, yaani vyombo ambavyo Python hujitafutia. Lakini skripti huitwa na mtu, na wa kwanza kuitafuta ni kompyuta yenyewe, si Python. Kompyuta ina orodha yake nyingine iitwayo PATH. Orodha hizo mbili hufanana majina, nazo huwachanganya wanafunzi wengi. PYTHONPATH ni rafu ya vyombo. PATH ni mlango wa kuingilia jikoni.

Katika Linux, karani atakaye kuiita skripti akiwa katika folda yo yote huiweka katika folda ya .local/bin iliyo nyumbani kwake, ambayo katika kompyuta nyingi imekwisha tajwa katika PATH. Mstari wa kwanza wa skripti huwa:

#!/usr/bin/env python3

Kisha huipa ruhusa kwa amri ya chmod +x. Katika Windows folda ya skripti huongezwa katika PATH kwa kupitia ukurasa wa mipangilio ya mfumo.

Iko pia njia inayounganisha orodha zote mbili. Karani akiandika python -m malipo, bila kutaja folda wala herufi za .py, Python huitafuta skripti hiyo katika sys.path kama itafutavyo moduli, na hapo folda aliyosimama karani ndiyo huwa ya kwanza.

Jambo la mwisho la kuangalia ni mafaili ya tarakimu. Karani mwenye busara haandiki bei ndani ya moduli. Huiweka katika jedwali la bei.csv, ili hata mjumbe wa kamati asiyejua Python aweze kulisoma na kulikagua. Lakini jedwali hilo halitafutwi kwa sys.path hata kidogo. Amri ya open("bei.csv") hulitafuta katika folda aliyosimama karani. Akisimama pengine, halitaonekana. Au litaonekana jingine la zamani, na hasara ni ile ile iliyoelezwa. Dawa yake ni kulifunga jedwali kwa mahali pa moduli:

from pathlib import Path
jedwali = Path(__file__).parent / "bei.csv"

Kwa mistari hiyo, jedwali la bei litatafutwa daima katika folda ya moduli yenyewe, hata karani akiwa amesimama wapi.

KANUNI ZA OFISI

Kwa hiyo, kituo cho chote cha kununulia kahawa, au nyumba yo yote iwekayo hesabu zake kwa kompyuta, na kifuate kanuni hizi sita:

1. Moduli za hesabu ziwe na folda moja tu, na jina la folda hiyo liandikwe katika daftari la ofisi.

2. Ichaguliwe njia moja ya kuionyesha Python folda hiyo. Njia mbili kwa wakati mmoja huzaa mashaka.

3. Faili la zamani lisiachwe karibu na jipya kwa jina lile lile. Lipewe tarehe katika jina lake, kama bei_2024.py, na kuhamishiwa katika folda ya kumbukumbu.

4. Kijiti cha flashi kisinakiliwe folda nzima kwa pupa. Kinakiliwe faili linalotakiwa tu.

5. Skripti ya malipo itaje daima, kabla ya kuhesabu, faili la bei inalolitumia na bei yenyewe.

6. Karatasi ya kwanza ya malipo ihesabiwe pia kwa mkono na mtu mwingine asiyekuwa karani. Zikitofautiana hata kwa shilingi moja, malipo yasitolewe mpaka sababu ijulikane.

Kanuni hizo hazihitaji fedha wala mtambo mpya. Zahitaji tabia ile ile ambayo kila mama wa nyumba huwafundisha watoto wake: kila chombo kiwe na mahali pake, kirudishwe mahali pake, na cha kale kisichanganywe na kipya. Vijana wenye ujuzi wa Python wanawajibika kuwaeleza wanachama mambo haya kwa lugha ya kawaida, na wanachama wana haki ya kuuliza. Mkulima hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta ili aulize, "Bei hii imetoka katika faili gani?" Karani aliyeipanga nyumba yake vizuri atamwonyesha jibu papo hapo.